Anayebadilisha Wimbo Aweke Jina Lake: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Majukwaa ya Ngoma na Tendi Lamu

Kwa wakubwa wote mnaoandaa na kusimamia majukwaa ya ngoma, nyimbo na tendi hapa Lamu,

Assalamu alaykum. Kwa wasiotumia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Baada ya salamu, fomu mliyowagawia viongozi wa vikundi imenifikia. Ina safu tatu: jina la wimbo, maneno yenye kuudhi, na maneno mbadala. Chini mmeandika kwamba kikundi ambacho hakitairudisha hakitapangiwa muda jukwaani. Nimeigeuza huku na huku kutafuta mahali pa saini, sikupaona. Hakuna pa kuandika ni nani aliyeona kwamba neno fulani linaudhi, wala nani aliyechagua la kutia badala yake. Na nimeambiwa na mmoja wenu kwamba nyimbo zikishapita kwenye fomu hiyo zitatangazwa kwa wageni vilevile kama siku zote: nyimbo za asili za Lamu.

Mimi naghani tendi na naimba vugo. Mtu wa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu. Mama yake nyanya yangu alikuwa mjakazi katika nyumba moja ya mawe huko Mkomani, mtaa mwingine wa mji huuhuu. Hilo nalitaja mapema, maana katika mji wetu mtu akisimama kutetea maneno ya kale husemwa kwamba anatetea heshima ya mababu zake waliomiliki watu. Wa kwangu ndio waliomilikiwa.

Na sisemi kwamba wimbo wa kale usiguswe. Anayesema hivyo hajawahi kuimba.

Nianze na vugo, maana huko sina ugomvi mkubwa nanyi. Wimbo wa vugo haujawahi kutulia mahali pamoja. Wanawake wanapita vichochoroni na pembe zao za nyati, anayeongoza yuko mbele, anatoa ubeti, wenzake wanamwitikia huku vijiti vikigonga pembe. Anayeongoza ana kazi mbili, ya mdomo na ya macho. Akifika mlangoni kwa kina bwana harusi anamtaja mama mtu kwa jina na kummwagia sifa. Akimwona fulani kasimama barazani na juzi tu ameolewa mke wa pili juu yake, zile beti za kuchekana mitala anazimeza, anatia nyingine papo hapo, na pembe hazisimami. Nilimsikia kiongozi mmoja akiukaribia ubeti wa kumcheka mwanamke tasa. Palepale alimwona jirani yake mlangoni, mtu aliyehangaika na hospitali na waganga mpaka akachoka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Alilitoa likiwa "taa", akaendelea na sifa za nyumba inayong'aa usiku kucha. Mizani ni zilezile mbili, hata waitikiaji hawakuyumba. Wanaoujua wimbo walitazamana wakacheka, na jirani mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa sababu aliona alichofanyiwa.

Mabadiliko ya namna ile hayataki fomu. Aliyebadilisha alionekana na kila mtu, sauti yake ilijulikana, na harusi inayofuata mwingine alikuwa huru kulirudisha neno au kutia lake. Ndiyo maisha ya vugo. Ndiyo maisha ya chakacha pia, na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa vikishindana kwenye miji ya pwani havikuishi kwa kitu kingine: leo wanaimba hawa, kesho wanajibiwa na wale, na matusi yakizidi wanaingia wazee kati. Kwa hiyo kama kiongozi wa vugo mwaka huu hataki kumcheka tasa, aache. Wala hana haja ya kibali chenu.

Utendi ni kitu kingine. Utendi una mwenyewe.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe marehemu alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewapinga masultani wa Zanzibar. Tunajua ni nani aliyesema, alimwambia nani, na akiwa katika hali gani. Katika nasaha zake mna ubeti anaomkataza binti kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi, kwamba watakuja kumvuta kwenye aibu. Ubeti huo ndio mliouweka juu kabisa kwenye fomu ya mfano, na safu ya tatu mmependekeza neno "wafanyakazi".

Hesabuni nami. Sitangane na watumwa: si-ta-nga-ne-na-wa-tu-mwa. Mizani nane, kama kipande chochote cha utendi ule. Tieni wafanyakazi, zinakuwa kumi. Mghani atakimbiza silabi mbili kama mtu aliyechelewa boti, na kile kina kinachokwenda na khuduma na tama ndicho kimekufa hapo. Haya ni ya ufundi. Fundi hodari angekaa nayo usiku mmoja akayatengeneza. Hasara kubwa iko kwenye maana.

Mmemwondoa mtumwa wa 1858, ambaye yuko kaburini, mmemweka msichana anayeosha vyombo jikoni kwenu leo. Huyu yu hai. Usiku wa onyesho huenda akawa amekaa pale Mkunguni, mbele ya ngome, amempakata mtoto wa tajiri wake na anasikiliza kama wengine. Kipaza sauti kitamwambia kwamba watu kama yeye si wa kuchanganyika nao, watakuvuta kwenye aibu. Mwana Kupona hakumtukana msichana huyu, hakumjua. Mtakaomtukana ni ninyi, tena kwa kisingizio cha kuondoa matusi. Na tajiri wake aliyekaa kiti cha mbele atatikisa kichwa kwa kuridhika, maana nasaha hiyo kwake ina kazi mpaka leo.

Mmoja wenu alinijibu kwa simu, basi tutatia "wajinga", mizani ni zilezile. Nilicheka, lakini nilisikia kwamba hatanii. Kina bado kimevunjika, na sasa tuna kundi la tatu la watu wa kutukanwa.

Mnasema neno "watumwa" linaumiza. Linaumiza. Sitaki mtu adhani kwamba mimi nikifika pale koo yangu haikauki. Lakini nawauliza, mlimuuliza nani? Mlangoni kwetu hajafika mtu. Nimewauliza jamaa wa nyumba ninazozijua, zile ambazo mji mzima unajua asili yake na hausemi, nako hakujafika mtu. Sasa hayo maumivu mliyapima wapi? Nina shaka zangu kwamba anayejikuna zaidi ubeti ule ukighaniwa ni mjukuu wa mwenye watumwa. Ndiye anayeinamia simu yake. Si vibaya kuona haya, lakini haya zake zisiandikwe kwenye fomu kama maumivu yangu.

Tazameni tunavyolisimulia jambo lenyewe. Mgeni anatembezwa kwenye nyumba za Mkomani, anaonyeshwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, anaonyeshwa milango ya nakshi, anaambiwa habari za majahazi na viungo. Aliyebeba mawe ya matumbawe kutoka ufukoni, aliyechota maji, aliyelima mashamba ya ng'ambo bara, hatajwi, au anatajwa kwa nusu sentensi huku mtembezaji ameshaanza kushuka ngazi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe kwenye ukanda wetu haukufutwa kisheria mpaka 1907. Miaka thelathini na zaidi hapo katikati watu waliendelea kumilikiwa, wengine wakitorokea misitu ya Witu. Mama yake nyanya yangu alizaliwa katikati ya miaka hiyo. Hana kaburi lenye jina. Hana picha. Hana hati. Alicho nacho ni kwamba bibi mmoja mwungwana, mwenye elimu na kalamu, alitaja kwa mdomo wake kwamba watu wa aina yake walikuwemo ndani ya nyumba, wakifanya kazi, na kwamba binti wa nyumba alivutiwa nao kiasi cha mama kuogopa. Ushahidi gani unaupita huu? Mkiufuta mnamtoa mara ya pili.

Hapa nikiri kwamba ndani ya ukoo wetu hatukubaliani. Binamu yangu hataki kulisikia neno hilo kabisa, liwe kwenye utendi, liwe kwenye hotuba. Anasema ameitwa hivyo shuleni na watoto wenzake, na hakuna somo la historia litakalolifanya tamu. Sina cha kumjibu na sijaribu. Ninachosema ni kwamba mtu kama yeye ana haki ya kujua mapema kitakachoghaniwa, ili aje au asije, na ana haki ya kuniambia niuruke ubeti. Niliwahi kuuruka kwa ajili yake, kwenye hafla ya nyumbani, na nilisema wazi kwamba nauruka na kwa nini. Beti zilizobaki niliziacha kama zilivyo. Kuruka na kugeuza ni mambo mawili. Anayeruka anaacha pengo, na pengo linaulizwa.

Nchi nyingine zimepita njia hii, na kuna la kujifunza huko, zuri na baya. Kentucky, Marekani, wana wimbo wa jimbo, wa Stephen Foster, uliochapishwa 1853 na kufanywa wimbo rasmi 1928. Ulikuwa na neno la dharau kwa watu weusi. Mwaka 1986 kundi la wanafunzi kutoka Japani lilizuru bunge la jimbo likauimba kwa heshima zote, neno hilo likiwemo, kama walivyoukuta kitabuni. Carl Hines, mbunge mweusi katika baraza lile, alipeleka azimio, likapigiwa kura, na neno likawa "watu". Mpaka leo umati unauimba kwenye mbio zao kubwa za farasi kila mwaka.

Jambo la kwanza: aliyetaka neno liondoke ni mtu wa jamii iliyotukanwa, alisimama hadharani, jina lake liko kwenye kumbukumbu, na kura ilipigwa. Hapo walitupita. Jambo la pili ndilo linalonitia hofu. Wimbo ule unamhusu mtumwa anayeiaga nyumba kwa sababu anapelekwa mbali kusini, kwenye mashamba ya miwa. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe kabla ya kutoroka, aliutaja mwaka 1855 miongoni mwa nyimbo zinazowaamshia watu huruma kwa watumwa. Leo wanaimba ubeti wa kwanza na kiitikio tu. Neno chungu limetoka, beti za kuuzwa haziimbwi, na kilichobaki uwanjani ni wimbo mtamu wa kukumbuka nyumbani, watu wenye kofia kubwa wanafuta machozi na hawajui wanamlilia nani. Silaumu azimio la Hines kwa hilo, maana usahaulifu ulikuwa umeshaanza kabla yake. Nasema tu kwamba neno moja likishatolewa, hakuna tena kinachomkwaza msikilizaji hata aulize habari yenyewe ni ipi.

Virginia walifanya vingine. Wimbo wao wa jimbo ulitungwa na James Bland, mtu mweusi, na bado maneno yake yaliwachoma watu weusi wengi. Mwaka 1997 waliustaafisha. Hawakuugusa neno, waliuvua cheo tu. Njia hiyo mimi naiheshimu.

Halafu yuko Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa akatoroka. Robeson alipata sifa kubwa kwa wimbo mmoja wa tamthilia kuhusu mpagazi mweusi anayeutazama mto ukienda zake, mpagazi amechoka kuishi na anaogopa kufa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, kwenye matamasha yake mwenyewe, alianza kuugeuza. Mahali pa kuchoka na kuogopa aliweka kuendelea kupigana mpaka kifo. Aliyeuandika wimbo hakufurahia, na alisema hivyo. Lakini hakuna aliyekaa ukumbini akadhani kwamba maneno mapya yalikuwa ya tangu mwanzo. Kila mtu alijua yale ni ya Robeson, na waliojua ya kwanza walisikia yote mawili kwa pamoja, la zamani chini ya jipya. Ndivyo alivyofanya yule kiongozi wa vugo na taa yake.

Najua mtakaponikamata. Mtasema hata tendi zenyewe hazikubaki sawa, kila mnukuzi alitia lake. Ni kweli, nakala hazilingani neno kwa neno, na anayezisoma anajua. Lakini mtazameni Muhamadi Kijumwa, mtu wa hapahapa, mtunzi, mchonga nakshi na mnukuzi, aliyenakili hati nyingi kwa herufi za Kiarabu, nyingi zikaishia kwenye maktaba za Ulaya. Alikuwa na desturi ya kutia jina lake anapomaliza kazi. Leo msomi akiona neno geni kwenye nakala yake anasema, hili la Kijumwa. Anaweza kumsifu, anaweza kumkosoa, lakini anajua wa kumfuata. Kwenye fomu yenu hakuna Kijumwa. Mjukuu wangu akiuliza miaka hamsini ijayo ni nani aliyetia "wafanyakazi" kinywani mwa Mwana Kupona, ataambiwa ni mila.

Na kuna aibu nyingine hapo. Hati hizo ziko London, zimehifadhiwa vizuri, na mwanafunzi yeyote anaweza kuzisoma. Mnataka ifike siku mtu aende London kuusikia utendi wa Pate na Lamu kama ulivyotungwa, kisha aje Lamu kusikia uliopakwa rangi?

Mabadiliko si mageni mjini kwetu. Habib Swaleh, shehe aliyetoka Ngazija, aliwakalisha darasani watu ambao waungwana hawakutaka wakae nao, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na matari yakaingia katika maulidi. Wakubwa wa mji walinung'unika sana. Leo Maulidi ya Riyadha inavuta watu kutoka pwani nzima, na asiyejua ni nani aliyeyaleta yale hayupo. Alibadilisha jambo zito kuliko neno moja la utendi, na alilibeba yeye mwenyewe, lawama na yote.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Mmetaja Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayokataza maneno ya kuchochea chuki za kikabila. Utendi wa 1858, ukighaniwa na kuelezwa, hauchochei mtu. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda ubunifu wa kisanaa na papo hapo inakataa kuyakinga matamshi ya chuki, kwa hiyo mnaweza kuyafanya yote mawili bila kukata ulimi wa mtu. Na iko Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016, ambayo hamkuitaja. Hiyo inazitambua jamii kuwa wenye haki juu ya kazi zao za jadi. Jamii, wakubwa zangu.

Sasa niwape haki yenu, maana kwenye jambo moja mko sawa kuliko mnavyojua. Zipo beti zinazowadharau majirani zetu, na hizo mimi siimbi. Waaweer wa misitu ya bara wapo, wanakuja mjini, na baadhi ya nyimbo zetu zinawataja kama wanyama wa kuwindwa. Wamijikenda wapo, na wimbo unaowaita washenzi wa nyika hauhitaji jukwaa la kodi yao. Wenyewe waliliacha jina la Wanyika tangu miaka ya 1940 wakachukua la Mijikenda, na sisi tumebaki nalo kwenye ngoma kama deni lisilolipwa. Tofauti yake na utendi ni kwamba dharau hiyo haijaisha. Inaimbwa leo na inamaanisha leo, kwa mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kwako. Hakuna wa kuieleza, kwa sababu hakuna asiyeielewa. Hizo ziacheni. Wala msizipake sukari, ziacheni zote, na kama mtafiti anazitaka azirekodi ndani na aandike nani kaimba na lini.

Mnipime kwa mfano mwingine ulio kinyume chake. Mashairi ya majibizano ya Lamu na Mombasa, enzi za vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, yamejaa kejeli na vitisho. Muyaka bin Haji alirusha yake kutoka Mvita, na watu wa Lamu hawakukaa kimya. Leo Mwamu na Mmvita wakikaa barazani wakayasoma, wanacheka mpaka kahawa inamwagika. Mbona hayaudhi? Kwa sababu kila upande ulikuwa na mshairi. Kejeli ilijibiwa, ikaisha, ikawa utani. Mama yake nyanya yangu hakuwa na mshairi wa kumjibu Mwana Kupona. Kwa hiyo ubeti ule bado unasubiri jibu, na jibu haliwezi kutungwa ikiwa swali mmelifuta.

Watoto ni suala jingine na nitalisema kwa ufupi. Mtoto wa darasa la nne asipewe ubeti ule aukariri kwa ajili ya mashindano. Atauimba uwanjani wakati wa mapumziko, na atamwelekezea mwenzake, kama binamu yangu alivyoelekezewa. Utendi una beti nyingine nyingi za adabu na za dua, mwalimu achague hizo. Kuchagua si kugeuza. Na beti za utii wa mke, ambazo nazo nimeziona kwenye fomu zimepigiwa mstari, mniachie mimi na wanawake wenzangu. Tunazighani, tunazibishania, tunacheka, tunarudi nyumbani. Hatujawahi kuomba mtu atulinde nazo.

Ninachoomba basi. Fomu iongezwe safu ya nne: jina la anayependekeza badiliko, na la aliyelikubali. Naamini hiyo peke yake itapunguza mapendekezo kwa zaidi ya nusu. Wimbo wowote uliobadilishwa mshereheshaji aseme umebadilishwa, na nani, kabla pembe hazijagongwa, na neno "asili" lisitumike hapo. Kwenye tendi zenye mtunzi anayejulikana, neno lisiguswe. Anayeona ubeti hauimbiki aombe urukwe, na kuruka kutangazwe. Kabla ya hayo yote, kaeni na watu. Msiwaite viongozi wa vikundi peke yao, wala wale wazee ambao kila kikao cha mji huu ni lazima wawepo. Waiteni watu wa Langoni, waiteni Waaweer, waiteni wasichana wa kazi za nyumbani ambao mlikuwa karibu kuwatia kwenye utendi bila wao kujua. Baada ya isha, mahali penye nafasi, bila vinywaji vya wafadhili wala mabango.

Kuna kijana mmoja mwanafunzi wangu ambaye ameanza kutunga beti za kumjibu Mwana Kupona, kwa mizani zilezile na kina kilekile cha mwisho, kwa sauti ya mjakazi aliyekuwa akifagia nje ya chumba mama akimwusia binti yake. Bado hazijakaa sawa, beti mbili tatu zina mizani ya ziada na nimemrudishia. Zikikamilika ataziweka jina lake. Nimekusudia mwaka huu nighani ubeti wenyewe kama ulivyo, wote, watumwa na yote, kisha nimpishe yeye.

Kwa hilo nahitaji dakika mbili za kueleza kwa kipaza sauti kabla ya kuanza, na nafasi ya mtu mmoja zaidi kwenye ratiba. Kama haziwezekani, niambieni mapema ili mniondoe kabisa, nafasi yangu apewe mwingine, na vijana wa matari wanaonifuata wasikae nyuma ya jukwaa wakinisubiri.

Wenu katika kazi hii,

Mghani wa tendi na mwimbaji wa vugo,
Langoni, Lamu